Kizingiti cha Bi Zena

"Mwanamume mzima, akalee watoto wa watu?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonipokea Mapinga niliporudi kutoka Dodoma. Mjomba wangu Shabani aliyasema barazani kwake, mbele ya wazee wenzake, kikombe cha kahawa mkononi. "Idi kaenda kusomea kufuta watoto makamasi. Na diploma kapewa! Huyo hafiki Ramadhani." Wakacheka mpaka mmoja wao akapaliwa. Mwenye duka la saruji akasema jengo langu litaishia kuwa banda la kuku, na yeye ndiye atakayelinunua. Jirani yangu mmoja, mwanamke anayefanya kazi Dar, hakunisema pembeni. Alinijia mpaka mlangoni. "Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Wanangu nawaacha kwa mwanamke mwenzangu. Kwa dume siwaachi."

Ramadhani ilikuja ikapita, ikaja nyingine ikapita. Leo kituo changu kina vyumba viwili vya tofali, bati la kijani, ukuta kuzunguka kiwanja chote, na geti lisilofunguliwa na mtoto. Watoto wanaletwa wakitoka shule, na likizo wanashinda kwangu kutwa, wazazi wao wakiwa maofisini, bandarini na madukani huko Dar. Yule jirani aliyeniita dume, wanawe wote wawili wako kwangu, na mdogo halali mchana mpaka nimpapase mgongo mimi mwenyewe. Mwenye duka la saruji naye ameniletea mjukuu. Diploma yangu ya malezi ya watoto wadogo nimeitia fremu nikaitundika mkabala na mlango, ili mgeni aione kabla hajaniona mimi. Niliisoma mchana, na usiku nikilinda ghala la alizeti. Hakuna mjomba aliyenilipia daftari. Wanaosema najisifu wanasema kweli, nami nina cha kujisifia.

Lakini kuna jambo moja hapa kituoni ambalo sijalizoea, nami nawaambia ninyi tu. Kila Jumamosi wasaidizi wangu huosha mikeka. Huiosha kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, isiyo na manukato, kisha huianika ukutani. Jua likiipata ile mikeka, harufu inaingia mpaka ofisini: harufu ya usafi mtupu, kavu, chungu kidogo kooni. Hapo husema nakwenda kukagua geti. Nakwenda kusimama nje mpaka mikeka ikauke.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Bi Zena.

Nilikuwa na miaka tisa. Mapinga ya wakati ule ilikuwa nusu pori nusu viwanja. Watu wa mjini walikuwa wameanza kununua ardhi. Utaona nyumba moja imekamilika, halafu mikorosho, halafu msingi ulioota majani, halafu lundo la mchanga na mbuzi juu yake. Baba alikuwa fundi wa kujenga, akilala Dar kwenye kazi na kurudi Jumamosi. Mama alikuwa jikoni kwenye hoteli moja ya Bagamoyo. Alitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri akarudi giza limeingia, mikono ikinuka vitunguu. Karibu kila mwanamke wa mtaa wetu alikuwa hivyo. Wa mtaani hapo walijua kulea, lakini nani alikuwepo wa kulea? Mimi na wenzangu tulivaa funguo za nyumba shingoni kwa kamba ya katani. Wadogo zetu walipitishwa mkono kwa mkono: wiki hii kwa shangazi wa fulani, wiki ijayo kwa msichana wa kazi ambaye kesho yake katoroka.

Mdogo wangu aliitwa Rehema. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. Alikuwa mnene wa mashavu, mkaidi, mpenda ndege. Akiona kuku, bata, hata kunguru, alimfuata akimwita "njoo mwanangu", kama alivyosikia wakubwa wakimwita yeye.

Mwaka ule Mzee Kondo alifariki. Alikuwa fundi cherehani, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu mpole mwenye kikohozi kirefu. Mkewe, Bi Zena, alikuwa mwenyeji wa Bagamoyo mjini, mtaa wa Dunda, mwanamke mrefu, mchekeshaji, aliyependa harusi kuliko chakula. Mumewe alipozikwa akaingia eda, kama sheria yetu inavyotaka: miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mumewe. Harufu ya udi ikaondoka mwilini mwake, na hina, na wanja. Akavaa mashuka meupe, akaoga kwa sabuni ya mche, akakaa.

Siku ya kuanua tanga, Mama Asha, aliyekuwa karani wa kampuni moja Dar na mdomo wake haukuwa na breki, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote: "Jamani, tusikufuru, lakini tufikiri. Bi Zena sasa haendi sokoni. Haendi harusini. Haendi hata kuzika. Mnamjua mtu mwingine Mapinga hii mwenye sifa hizo?"

"Mama Asha, mfu hajapoa!" mmoja akamkaripia.

"Mfu kapoa, mwanangu ndiye anayeungua na jua huko nje."

Bi Zena aliyasikia hayo akiwa nyuma ya pazia. Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Nileteeni," akasema. "Nyumba imenikalia kimya mpaka nasikia panya wakitafuna. Nileteeni hao watoto wenu wanipigie kelele."

Ndivyo ulivyoanza mpango wetu, na nakiri kwamba mpaka leo, pamoja na yote niliyosomeshwa, sijaona mpango wa malezi ulioonekana mzuri kuliko ule. Akina mama walitoa unga, kunde, sukari, mafuta ya taa. Watoto wadogo walipelekwa alfajiri wakiwa bado usingizini, wakalazwa kwenye mkeka mmoja. Sisi wa shule tuliingia mchana. Tulikula kwenye sinia moja, na mwenye pupa alikatwa jicho mpaka mkono ukajirudi wenyewe. Uani kulikuwa na uzio wa makuti, na humo tulicheza. Mbele kulikuwa na mlango mkubwa wa mbao wenye kizingiti cha saruji, na pale ndipo mpaka wake ulipokuwa. Bi Zena alitandika jamvi nyuma ya kizingiti, akaketi, akatuendesha kwa sauti. Sauti yake ilikufikia hata ukiwa nyuma ya choo.

"We Chiku, teremka hapo! Nakuona!"

"Hunioni, bibi!"

"Kama sikuoni, mbona unacheka?"

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kuliko wote, nilifanywa kuwa miguu yake. Chumvi ikiisha, Idi. Maji yakiisha, Idi. Kuna mtu anapiga hodi na sauti ni ya kiume, Idi kamwambie bibi yuko edani. Nilijiona mkubwa sana. Nilikuwa nikivuka kile kizingiti mara nyingi kwa siku, na kila nikivuka nilimtazama kwa huruma na kwa fahari, kwamba mimi mtoto naweza jambo ambalo mtu mzima kama yeye hawezi. Niliamini kwa moyo wote kwamba akiweka unyayo nje ataungua. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, kwa namna nilivyomwona akivuta vidole vyake ndani kila alipokaribia ukingo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemfanya anyamaze. Huyo ni wifi yake, Bi Mwajabu, dada wa marehemu. Alikaa mbali kidogo, upande wa mashambani, akija kila Ijumaa mchana kwa miguu, mwavuli mweusi juu, kukagua eda ya kaka yake. Alinusa hewa akiingia. Alitazama kucha. Aliuliza nani kaja, kakaa wapi, kazungumza nini. Siku moja alimkuta Bi Zena amejipaka mafuta ya nazi miguuni kwa sababu ya mipasuko. "Ndiyo nini hiki? Unajipendezesha kwa nani?" Sisi watoto tukajibana ukutani. Bi Zena, yule mwenye jibu la kila neno, alichukua kitambaa akaifuta miguu yake kimya kimya. Wifi alipoondoka alituambia tu, "Haya, kuleni. Mbona mmekuwa kama mmeona nyoka?" Lakini siku ile yeye hakula.

Sasa niwaeleze kuhusu shimo. Kati ya nyumba ya Bi Zena na barabara palikuwa na kiwanja cha mtu wa mjini ambaye hatukumjua hata kwa sura, tulimwita Bosi. Alichimbisha shimo la choo, kubwa, la mraba, kisha fedha zikamwishia au hamu ikamwishia, akaliacha wazi. Masika yakalijaza. Kila mtu mzima aliliona. Mama yangu alisema lazima Bosi aambiwe. Mama Asha alisema anamjua dalali aliyemwuzia, atamwambia. Baba alisema Jumamosi moja atapata mbao alifunike. Bi Zena aliwaambia akina mama, wakija jioni kuchukua watoto, "Lile shimo, jamani. Mimi siwezi kutoka, ninyi mnatoka." Wakaitika. Walikuwa wamechoka, na kesho kulikuwa na kazi.

Ilikuwa likizo ya Juni, siku ya Ijumaa. Mchana ule mtaa ulikuwa mtupu. Wanawake kazini, wanaume waliokuwepo wamekwenda msikitini, na msikiti ulikuwa mbali, ng'ambo ya barabara. Nilikuwa uani nachambua kunde. Bata wa jirani alikuwa ametoboa uzio wa makuti pembeni, akawa anaingia na kutoka na vifaranga vyake. Mara Chiku akaja, mtoto wa miaka sita, hana haraka yoyote, akasema kama anayesema habari ya kawaida: "Rehema kamfuata bata. Kaingia kwenye maji ya Bosi."

Nilipita palepale penye tundu la uzio, makuti yakanichana mgongo. Nikafika shimoni. Niliona gauni lake la njano limefura juu ya maji kama puto, na mkono mmoja unapigapiga. Nililala kifudifudi nikanyoosha mkono wangu. Haukufika. Kingo zilikuwa za udongo mtelezi, na maji yalikuwa chini kuliko nilivyodhani. Nikainuka nikakimbilia mlango wa mbele.

"Bibi! Rehema kwenye shimo! Bibi!"

Bi Zena alikuwa ameshasimama. Alikuwa juu ya kizingiti kabisa, vidole vya miguu vimeukamata ukingo wa saruji, mikono miwili imeshika miimo ya mlango. Kutoka pale shimo lilionekana. Ni umbali wa kumwita mtu kwa sauti ya kawaida. Lakini yeye hakuwa anatazama shimo. Alikuwa anatazama njia ya mashambani, njia ya Bi Mwajabu.

"Kimbia kwa Mama Asha!" akaniambia.

"Mama Asha yuko kazini!"

"Kimbia, labda karudi!"

Nikakimbia. Geti lilikuwa na kufuli. Nililipiga ngumi, nikarudi. Bi Zena alikuwa pale pale, shuka jeupe, vidole vimekamata saruji, midomo inakwenda.

"Kwa fundi baiskeli! Kimbia!"

Nikakimbia. Pale palikuwa na baiskeli iliyopinduliwa, gurudumu bado linazunguka taratibu kwa upepo, na mtu hakuna. Kaenda kuswali. Niliporudi mara ya pili nilikuwa silii tena, sina pumzi ya kulia. Nilisimama mbele yake tu nikamtazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu, akavuka.

Alikimbia pekupeku, shuka likiburura, akateleza mwenyewe ndani ya lile shimo bila kuuliza kina. Maji yalimfika kifuani. Gauni la njano halikuwa juu tena. Alizama akaibuka, akazama akaibuka, mpaka akaibuka naye. Alimwinua juu ya kichwa chake, nami nikamvuta. Alikuwa mzito kwa namna ambayo hajawahi kuwa. Bi Zena alitoka kwa magoti na viwiko, akamlaza kwa tumbo juu ya paja lake, akampiga mgongo, akamfuta mdomo, akampulizia, akamwita. "Rehema. Rehema, mama. Njoo mwanangu." Kisha akamtupia begani akaikimbilia barabara.

Lori la mchanga lilisimama. Ndani kulikuwa na dereva na utingo wake, wanaume wawili asiowajua, naye akapanda akakaa katikati yao, mtoto magotini, shuka limemganda mwilini. Mimi nilipanda nyuma juu ya mchanga. Kwenye zahanati waliokuwa kwenye benchi walisimama wote. Mganga alimchukua Rehema akaingia naye ndani. Alipotoka alikuwa amevua miwani, na alimtazama Bi Zena, si mimi.

"Angeletwa mapema kidogo," alisema.

Bi Zena aliniangalia. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, barabara nzima ikitazama mwanamke wa eda aliyelowa. Ilikuwa saa ya watu kutoka msikitini.

Mama aliletwa jioni na gari la hoteli. Alikuwa bado amevaa kofia nyeupe ya jikoni, hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Baba alifika usiku, na mazishi yakapangwa asubuhi. Nakumbuka uani kwetu wanawake wamekaa kwenye mikeka, na mmoja anasema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Nikatamani kumziba mdomo. Maji lilikuwa neno ambalo sikutaka kulisikia likitajwa kwa mithali.

Ndipo akaingia Bi Mwajabu, mwavuli wake umefungwa. Hakumpa mama yangu mkono wa pole kwanza. Alisimama katikati akasema: "Nimekuja kuhani, na nimekuja kusema. Mke wa kaka yangu kapanda lori na wanaume, yuko uchi mbele ya watu, na eda haijafika hata nusu. Mmeona hayo?"

Mama aliinua uso. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika kila mkeka.

"Bi Mwajabu, mwanangu yuko humo ndani hajazikwa. Kesi ya eda kaifanyie kwako."

"Mimi nasema sheria tu, mwanangu."

"Sheria nimeiona. Imemsimamisha mlangoni mpaka mwanangu akafa. Unataka nini zaidi?"

Mtu akamshika mkono, "Subira, Mama Idi, subira." Mama akajiegemeza ukutani. Baadaye, wanawake walipoanza kunong'ona kwamba Bi Zena alichelewa kutoka, kwamba alisimama tu akitazama, mama ndiye aliyewanyamazisha. "Mwacheni," alisema. "Dini ilimfunga. Angefanya nini? Mwacheni." Alilisema neno hilo siku ya tatu, akalisema siku ya arobaini, akaendelea kulisema miaka yote. Lilikuwa kama fimbo ya kutembelea. Bila hilo nadhani asingesimama tena.

Bi Zena hakumaliza eda yake Mapinga. Jamaa wa mumewe walisema kaivunja, hana haki ya kukaa. Alirudishwa kwao Dunda na sanduku moja, na mwaka haukuisha nyumba ikauzwa kwa mtu wa mjini. Shimo la Bosi lilifukiwa wiki ile ile, na wanaume wa mtaa, kwa mapanga na majembe, bila kumwuliza Bosi. Kazi ya asubuhi moja. Akina mama walirudi kazini. Sisi tukavaa tena funguo zetu shingoni.

Nilikua. Nilikwenda Dodoma na begi la nailoni, nikafanya niliyokwisha kuwaambia. Chumba nilichopanga kilikuwa kwa sheikh mmoja mzee, mtu wa Kondoa, na jioni moja nilimwuliza lile lililonikaa kifuani: mwanamke aliye edani, mtoto anazama mbele yake, afanye nini? Sheikh alinitazama kama niliyemwuliza kama maji yanalowesha. "Atoke! Akimbie! Dharura inahalalisha lililokatazwa, na kuokoa roho ni wajibu. Nani kawaambia asitoke?"

Sikulala. Nilimwonea Bi Zena huruma mpya. Kumbe maskini hakujua! Kumbe alisimama pale akiteseka bure, kwa ujinga aliofundishwa na wifi! Nikajiapia kwamba nikirudi nitamtafuta nimwambie, apate utulivu kabla hajafa. Niliibeba ile habari miaka miwili kama zawadi iliyofungwa. Nilikuwa msomi, nilikuwa na kitu cha kumpa.

Nikamkuta Dunda, uani kwa mpwa wake, anasuka ukili. Amekonda, macho yameingia ukungu, lakini urefu ule ule. Nilimpelekea kanga na sukari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe? Sogea."

"Idi. Idi wa Mapinga."

Ukili ulisimama mikononi mwake. Aliniuliza habari za mama. Nikamwambia mzima, anakusalimu, anasema hana neno na wewe. Nikamweleza kituo changu, diploma yangu, nikamweleza yote, naye akaitikia "Mashaallah, mashaallah." Kisha nikatoa zawadi yangu. Nikamwambia niliyoyasikia kwa sheikh: kwamba sheria haikumkataza, kwamba alipotoka hakufanya kosa lolote, wala asingekuwa na kosa kama angetoka mapema, kwamba hakujua na asiyejua hana lawama.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani hajanisikia vizuri. Nikaanza upya, kwa sauti zaidi.

"Sijawa kiziwi, Idi. Nasema nilijua. Sheikh aliyemswalia mume wangu alinieleza siku ile ile, nyuma ya pazia. Zena, ukiumwa, toka. Nyumba ikiungua, toka. Roho ya mtu ikiwa hatarini, toka. Nilijua kama ninavyolijua jina langu."

Yeye ndiye aliyeendelea, akizungumza na ukili.

"Mwajabu alishaniambia: siku nitakayokukuta nje ya mlango huu, fungasha. Nyumba ile haikuwa na jina langu. Ningekwenda wapi? Hapa kwa mpwa, kula kwa macho ya mkewe? Na ilikuwa Ijumaa, saa yake ya kuja. Nikasema atatokeza sasa hivi, ataniona. Nikasema labda Mama Asha karudi. Labda fundi baiskeli hajaenda kuswali. Nikakutuma, na nilijua hawapo." Akauweka ukili chini. "Siku ile nilimwogopa mtu, Idi. Mungu sikumwogopa. Na nyumba waliichukua vile vile."

Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameona kila kitu: vidole juu ya saruji, macho kwenye njia ya mashambani. Alidhani bibi anamtazamia wifi yake aje asaidie. Nilihitaji miaka yote hii, na sauti yake mwenyewe, kuelewa kwamba alikuwa anaangalia kama kuna anayemwona.

Chuoni walinifundisha kupima urefu wa uzio, kufunika kila chenye maji, kuhesabu watoto kila mara. Nayafanya yote, na nayafanya kuliko mtu yeyote katika barabara hii ya Bagamoyo, njooni mkague. Lakini msaidizi akija kuomba kazi kwangu, simwulizi kama anapenda watoto. Wote wanapenda watoto. Namwuliza anamwogopa nani. Wengine hucheka, wengine hukasirika. Mmoja alilia, akanitajia mume wake, na huyo nilimwajiri, nikamwonyesha chumba cha nyuma ambamo angeweza kulala siku yoyote atakapofukuzwa.

Jioni ile niliporudi kutoka Dunda nilimkuta mama uani, anachambua mchele kwa mwanga wa mwisho. Anakaa nami sasa. Hakuinua kichwa.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Anakusalimu."

"Amezeeka sana?"

"Amezeeka."

Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa, akatoa lingine.

"Maskini Zena," alisema. "Mimi kinyongo naye sijawahi kuwa nacho. Hakuwa na la kufanya. Dini ilimfunga, mwanangu, siyo?"

Aliinua uso kunisubiri.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Dini ilimfunga."